Siku Kumi za Gari la Mzee Orrin

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: lina magurudumu manne, haliendi popote, na serikali inaliamuru liondoke.

Umeshindwa? Basi nipe mji, nami nachukua mji mdogo wa Kansas, alikokaa mzee Orrin Haas.

Pikapu yake ilikuwa mbele ya nyumba kwa mwaka wa nne sasa, injini imekufa, nyasi zimefika kwenye milango. Kila asubuhi aliingia humo na kahawa yake, akaketi kwenye usukani na kumsimulia mkewe Lorene habari za mtaa. Kiti cha Lorene kilikuwa kitupu tangu azikwe.

Siku moja Dwight, mkaguzi wa mji, akabandika ilani kwenye kioo. Gari bovu linaloonekana kutoka barabarani lina siku kumi, kisha linavutwa kwenda kwa wakata vyuma. Orrin akauliza ni nani aliyemshitaki. Dwight akasema sheria inalificha jina hilo. Orrin akasema basi atalifunika turubai. Turubai marufuku. Je, uzio? Uzio wa mbele mwisho kiunoni.

"Liingize gereji, mzee," Dwight akamwambia. "Kisichoonekana hakipo. Mimi mwenyewe ninayo matatu nyuma ya nyumba."

Gereji ilikuwepo, lakini kama zote za mtaa ule, ilijaa kila kitu isipokuwa gari. Magari yalilala nje, makorokoro ndiyo yenye nyumba.

Orrin akazunguka mtaa mzima akiuliza nani kamchongea. Kila mmoja alikana huku akitupia jicho gereji yake mwenyewe iliyofurika. Verna, mjane wa ng'ambo ya barabara, alimwambia aache maneno ashike boksi.

Kwa siku nane wao wawili walitoa vitu gerejini: miti miwili ya Krismasi ya plastiki, mashine tatu za kukata nyasi, kofia za Lorene zilizowachekesha mpaka wakakaa chini. Siku ya tisa majirani wakaisukuma pikapu ndani. Dwight akaja, hakuona kitu, akaandika kwamba kosa limekwisha.

Kesho yake Orrin alijaribu kunywa kahawa yake mle ndani. Giza tupu, harufu ya mafuta, na hakuna mtaa wa kumsimulia mtu. Akavuka barabara na kikombe mkononi. Verna akamsogezea kiti.

"Verna, hujanijibu bado. Nani alinishitaki?"

Verna akammiminia kahawa ya moto.

"Miaka minne unazungumza na usukani, Orrin, nami niko hatua ishirini tu, sina wa kuzungumza naye. Ni mimi."