Ncha Yenye Utepe Mwekundu

Mtu anayeigeuza ncha ya mshale na kuangalia kitako chake kabla ya makali, mimi simwamini. Mwindaji huangalia makali. Mpenda vitu vizuri huangalia rangi ya jiwe. Anayeanzia kwenye kitako anatafuta saini, na mara nyingi anaomba moyoni asiikute.

Bwana huyu alikuwa amegeuza karibu ncha zangu zote. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi kupita mahitaji ya mtu mwaminifu, na kila alipoondoka alirudi tena, asinunue wala asiulize bei. Tulikuwa kwenye maonyesho ya pinde za jadi, ndani ya banda la mnada wa ng'ombe hapa kwetu Missouri, banda ambalo hata lisuguliwe vipi haliachi kunuka kazi yake. Nilikuwa nimetandika blanketi la kijani mezani na kupanga ncha zangu za jiwe la gumegume, kila moja ina herufi D.R. na mwaka, nilizozikwaruza kwa kalamu yenye ncha ya almasi. Wapo wanaonunua ncha isiyo na saini, wakaifukia kwenye tope hadi ichakae, kisha wakaiuza kuwa ni ya watu wa kale. Kwangu hawapati kitu.

"Anko Delmas, acha kumkodolea macho," alininong'oneza Dwight kutoka meza ya pili, alikokuwa akiuza pinde zake. "Utamfukuza mteja."

"Mteja gani? Huyo ana mkono mrefu."

"Wewe hata mchungaji ungempekua mifuko."

"Mchungaji ndiye ningeanza naye."

Dwight ni mtoto wa Verlin Stokely, aliyenifundisha kuchonga mawe. Tangu Verlin afariki, mimi na Dwight huziunganisha meza zetu kila maonyesho. Mmoja akienda kuchukua kahawa, mwingine huangalia meza zote mbili. Haombwi mtu. Ndivyo tunavyoishi sisi watu wa pinde na mawe, na anayelifunika blanketi lake kabla ya kuondoka huwa amemtukana jirani yake.

Baada ya chakula cha mchana yule bwana akarudi tena. Safari hii alitoa mfukoni kijisanduku kilichojazwa pamba.

"Samahani, mzee. Wewe ndiye D.R.?"

"Inategemea nani anauliza."

"Naitwa Norris Pruett. Hii niliuziwa kama kitu cha kale, lakini moyo unakataa. Nimekuwa nikizunguka meza zote nikilinganisha mikono ya wachongaji. Wa kwako tu ndio unaofanana."

Sikuhitaji miwani. Jiwe lilikuwa la rangi ya asali, limepitiwa katikati na utepe mwekundu uliojitokeza nilipolichoma ndani ya mchanga wa moto ili limeguke vizuri. Sijawahi kupata jingine kama hilo. Tena mimi ni mtu wa shoto, alama za kumegulia kwangu huinama upande usio wa wenzangu. Ncha hiyo niliijua, na nilijua mahali ilipotakiwa kuwa: mfukoni mwa shati la Verlin, ndani ya jeneza, makaburini nyuma ya kanisa. Nilimwekea kwa mkono wangu asubuhi ya mazishi. Ndiyo pekee niliyoiacha bila saini, kwa sababu Verlin angeujua mkono wangu bila kusoma.

Baada yangu waliingia kumuaga watu wawili, mkewe Opal na Dwight. Kisha jeneza likafungwa.

Nikamtazama Dwight. Alikuwa akifunga uzi kwenye upinde, na vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Si ya kale," nilimwambia Norris. "Nimeichonga mimi. Aliyekuuzia aliitoa wapi?"

"Alisema ilitoka kwenye vitu vya marehemu fulani. Nani, hakusema."

"Mama," alisema Dwight. Hakuwa ameulizwa. "Mama ndiye aliyeitoa jenezani, Anko. Aliificha kwenye kopo la vifungo. Nilipouza vitu vyake, kopo likaenda na kila kilichokuwamo."

"Ulijua imo?"

"Nilikuja kukumbuka baadaye."

Opal amefariki, siwezi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba miaka yote ya ndoa yake alichomwa nyayo na vipande vya mawe kwenye zulia, akayalaani mawe hayo mbele ya wageni. Huenda mwanamke wa namna hiyo ndiye hasa angebaki na jiwe moja. Huenda pia mtoto alimjua mama yake vya kutosha kumsingizia. Niliyageuza yote mawili kichwani, na hakuna lililokaa.

"Iandike jina," alisema Norris, "asije akadanganywa mwingine."

Nikachukua kalamu ya almasi. Nikakwaruza D.R., nikaweka mwaka aliokufa Verlin, na chini yake V.S.

"Huyo wa pili ni nani?"

"Mwenye nayo."

Norris alinitazama, akamtazama Dwight, akaiweka ncha palepale meza zetu mbili zinapokutana. Akakifunga kijisanduku kitupu na kuondoka. Niliona aibu kwa yote niliyomwazia tangu asubuhi.

Mimi sikuichukua. Dwight naye hakuichukua.

"Naenda kuchukua kahawa," nikasema hatimaye. Mkono wangu ulikuwa umeshashika pindo la blanketi. Nikaliachia.

"Niletee na mimi," alisema Dwight bila kuinua uso. "Naangalia hapa."

Foleni ilikuwa ndefu, na nilijipanga upande ambao meza zetu zilionekana. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nataka kikombe kimoja au viwili, na mara zote mbili nilikuwa nikitazama mikono ya Dwight.