Watoto wa Nje ya Ukuta

Mwanvua alikuwa na kazi mbili, na zote za kuosha. Wikiendi, msikiti wa Anderlecht ukimwita, aliosha maiti za wanawake na watoto. Siku za kazi aliosha mifupa kwa mswaki na maji baridi katikati ya Brussels, pale walipokuwa wakifukua makaburi ya kanisa lililobomolewa zamani, kabla hapajajengwa maegesho ya magari. Mifupa ilikuwa na miaka mia saba. Kwake haikuwa hoja. Mwosha naye huoshwa.

Siku ya mwisho ya ufukuzi, akienda kuchota maji, aliona nje ya ukuta wa makaburi madoa ya udongo mweusi, kila moja halizidi urefu wa mkono. Udongo ukishachimbwa haurudii rangi yake. Hilo alilijua tangu makaburini kwao Bujumbura. Akamwita Katrien, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa mkuu wao. Katrien alipiga magoti, akapangusa, akainuka uso umemwiva.

"Vichanga," alisema. "Walikufa kabla ya kubatizwa, padri akawakataza kuzikwa ndani. Na mimi nimeiamini ramani, nikaishia ukutani kama yeye!"

Dirk, msimamizi wa kampuni ya ujenzi, hakutaka kusikia. Kibali kilitaja makaburi, na makaburi yaliishia ukutani. Mashine ya kuchimba ianze. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Watoto aliowafukuza padri, leo anawafukuza mwenye maegesho! Mwanvua alipandwa na hasira.

"Kwani ni ndugu zako?" Dirk alimuuliza.

Mwanvua alifungua kitenge kiunoni, akamshikisha Katrien ncha mbili, wakakitanda juu ya vile vikaburi, kama kwao wanavyomsitiri mwanamke anaposhushwa kaburini. Kitambaa kikishatandwa hivyo, hata mlevi hunyamaza.

Mashine iliendeshwa na Séraphin, Mkatoliki wa Uvira aliyekulia kati ya majirani Waislamu. Alipokiona kitenge, alizima injini.

"Maman Mwanvua, kuko muntu mu ile shimo?"

"Batoto, Séraphin. Bengi."

"Bon. Donc miye sipite hapo. Atafute mwingine."

Akashuka, akavua kofia, akaenda kusimama pembeni. Dirk alitukana, kisha akapiga simu kutafuta dereva mwingine.

Mkataba ulikuwa na kifungu kimoja cha maana: mfupa uliokwisha kupigwa picha na kupewa namba hauguswi na mashine. Basi wanawake wale wawili wakaingia chini, wakafukua kaburi moja moja. Katrien alipiga picha na kuandika; Mwanvua aliinua kwa viganja, mtoto mmoja mmoja, akisema bismillahi kila mara, maana kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kumvunja aliye hai. Saa moja na nusu ikapita. Dereva mpya alikuja na kuanzia upande ambao hawajaufikia, akizoa udongo na kuumwaga kwenye lori. Walimpigia kelele mpaka sauti zikakauka, na hakugeuka.

Jioni Dirk alikuja na fomu yake.

"Vipande vingapi?"

"Watoto," alisema Mwanvua. "Kumi na mmoja. Andika pia kwamba wengine umewamwaga kwenye lori, na hakuna aliyewahesabu."

Dirk aliandika "vipande kumi na kimoja", akafunga kalamu.