Mabomba Elfu Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Fundi Saa alikuwa amestaafu kutengeneza saa, ila ubishi hakuustaafu. Aliapa mbele za watu kwamba aliwahi kuifufua saa iliyomezwa na mbuzi, na kwamba tangu siku hiyo mbuzi hakuchelewa kurudi zizini hata dakika. Sasa alikuwa ametoa ahadi kubwa kuliko mbuzi: kukiingiza kinanda cha mabomba elfu moja, kirefu kama nyumba, ndani ya kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani.

Ahadi hiyo alimpa dada yake mkubwa. Dada alikuwa amepiga kinanda cha namna hiyo kanisani miaka thelathini na mitano, mpaka paa lilipokiangukia. Watoto wake wakamnunulia kinanda kidogo cha umeme. Alikijaribu mara tatu, mara zote akajikwaa, akakifunika kwa kitambaa cha meza.

"Vidole vimekufa," alisema. "Jumamosi mwalimu wa shule akichukue."

Ijumaa mchana Fundi Saa alikivua kinanda kitambaa, akakiunga kwa waya kwenye kompyuta. Mashine ilikuwa nzee kiasi kwamba ukiiwasha, unachemsha chai, unainywa na kikombe unakiosha, ndipo ikukaribishe. Programu ya kinanda aliyoiweka humo ilikuwa na sauti ya kila bomba, iliyorekodiwa peke yake kutoka kwenye kinanda cha kweli. Kompyuta ikazidiwa, feni ikavuma. Fundi akaipunguzia mzigo: akatoa tarumbeta, akatoa filimbi ndogondogo, akazima mwangwi.

Ikalia, lakini kwa mikwaruzo, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Akapekuapekua, akakuta mahali pa kuiambia kompyuta ikusanye sauti kiasi gani kabla ya kuitoa. Akaongeza. Mikwaruzo ikaisha, ila sasa ukibonyeza, sauti inakuja nyuma, kama mtu aliyeitwa akiwa bado anatafuta viatu.

Mtu wa saa avumilie uchelewaji? Thubutu! Akapunguza tena, akabakiza aina moja tu ya mabomba ili mashine ipumue, mpaka kidole na sauti vikaenda sambamba. Akamwita dada.

Dada aliketi, akaanza wimbo huku akiufuatisha kwa mdomo. Mstari wa pili, akajikwaa. Akarudia. Akajikwaa palepale.

"Umeona, mdogo wangu? Mpigie mwalimu aje hata leo." Akasimama.

Lakini Fundi Saa alikuwa amevitazama vile vidole kama anavyotazama magurudumu ya saa. Saa iliyokufa haiendi. Hivi vilikwenda vizuri, tena kwa mpango, ila kila mara viliutangulia mdomo.

"Dada, kule kanisani mabomba yalikuwa wapi?"

"Juu ya mlango mkubwa."

"Na wewe?"

"Mbele kabisa. Maswali gani haya, wewe mzee?"

"Sauti ilikufikiaje?"

"Kwa raha zake! Unabonyeza, inasafiri kanisa zima ndiyo ikufikie. Ukiisubiri umekwisha, lazima umtangulie kila mtu..." Akaviangalia vidole vyake.

Fundi alikuwa ameshainama kwenye kompyuta, anaurudisha uchelewaji wote alioukata. "Kaa. Piga kama mlango uko kule."

Dada akabonyeza. Kimya kidogo. Kisha sauti ikaja nene, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ikamkuta mdomoni palepale. Mstari wa pili ukapita. Wa tatu ukapita. Alipofika mwisho alianza upya bila kupumzika, na kitambaa cha meza akakipiga teke chini ya kiti.

Kesho yake mwalimu alikuja, akapewa kiti asikilize.

"Kuichelewesha kompyuta si kazi ya mchezo," Fundi Saa alimweleza. "Nililipanga jambo hili tangu mwanzo."

"Muongo huyo," dada akasema bila kugeuka, akabonyeza, na sauti ikaja kwa wakati wake.