Senyenge ya Jalala la Chuo

Mzee Bonaventura hakuitikia. Mkuu wa chuo alikuwa amesimama mbele ya boma lake pale Nambis, suruali ya suti imelowa umande hadi magotini, ametamka shikamoo mara mbili, na mara zote mbili mzee aliendelea kukwangua tope kwenye kwato za punda. Kwa watu wa Mbulu, shikamoo isiyoitikiwa ni kofi. Alfredi, mkuu wa chuo, alilipokea kofi lile akabaki amesimama, maana siku hiyo alikuwa na shida.

Mzee alimfahamu tangu mwaka themanini na nne. Alfredi alikuwa mwanachuo wa ualimu mwembamba, na Bonaventura ndiye mtunza nguruwe wa chuo. Kila asubuhi kijana alibeba debe la makombo nyuma yake. Chuo kile hakikuwa na taka. Maganda yalikwenda kwa nguruwe, samadi bustanini, mboga za bustani jikoni. Makopo alichukua Idrisa, fundi bati wa mjini, akayageuza vibatari. Karatasi ziliandikwa pande zote mbili, kisha zikafungia karanga. Aliyemwaga ugali alijieleza mstarini mbele ya wenzake. Wala hakuna aliyeuita mradi. Ilikuwa kazi.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, kila mtu na soko lake. Nguruwe wakauzwa. Mwaka tisini na tano Bonaventura akapunguzwa kazini kwa barua ya kumshukuru. Jiko akapewa mzabuni, naye alipika asichojua nani atakula, kilichobaki akamwaga shimoni pamoja na mifuko ya plastiki. Upepo ukaisambaza mifuko mashambani, na ng'ombe wa jirani yake Zita akafa. Walipompasua walikuta tumbo limejaa rambo.

Wakubwa walifumba macho, Bonaventura akainama. Kila Jumanne na Ijumaa, kwa miaka minane, alishuka kwenye jalala lile na punda wake. Maganda aliyapeleka kwake akayaozesha, makopo kwa Idrisa, mifuko aliifunga furushi isipeperuke. Shamba lake ni mteremko wa udongo mwekundu uliochoka. Bila mboji ya jalala lile angevuna mabua, na alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Mkoa mpya wa Manyara ulipokuwa bado unanuka rangi, ukaja mradi wa Chuo Safi. Mapipa sita ya plastiki yenye rangi tatu, na senyenge kuzunguka shimo, na geti, na kufuli. Siku ya kufunga kufuli Alfredi alimkuta mzee ameshika kamba ya punda. Hakumwamkia. Alimwambia mbele ya wanachuo kwamba yeye ndiye anayechafua mazingira, na kwamba taka za chuo sasa ni mali ya mradi. Wanachuo walicheka. Miezi kumi imepita, na kila Jumamosi mapipa yote sita yanamwagwa shimo moja na kuchomwa moto, plastiki na maganda pamoja, moshi ukiteremka hadi Nambis. Taarifa inayokwenda kwa wafadhili inasema chuo kimezalisha tani mbili za mboji.

Na leo saa sita mgeni kutoka mkoani anakuja kuiona.

Asubuhi hiyo Rogathe, mpishi, alikuwa amesoma neno MBOLEA kwenye pipa la kijani. Mwanamke aliyezaliwa Tlawi, aliyefundishwa na mama yake kutia majivu kwenye samadi, angefanya nini? Alizoa majivu ya jiko na makaa yake ya moto akamimina humo. Pipa lililegea, likainama, likamlalia jirani yake aliyejaa karatasi. Maji yalipofika, mapipa manne kati ya sita yalikuwa uji mweusi.

Alfredi alieleza haya yote kwa unyenyekevu ambao mzee hakuwahi kuuona kwake. Akaomba viroba vinne tu vya mboji. Mgeni akiondoka angevirudisha.

"Na senyenge?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hilo tutaliongea mgeni akishaondoka, mzee wangu."

"Mwaka tisini na tano mlisema nguruwe watarudi banda likishakarabatiwa. Leo banda mnaegesha gari. Kata senyenge kwanza. Nikiiona iko chini, punda anashusha mzigo."

"Unanitishia, mzee?"

"Nakufundisha, kama zamani. Ulikuwa mzito hata kwa nguruwe."

Saa tano mkuu wa chuo alikuwa na koleo mkononi, amevua koti, shati limechanika begani. Kila kipande alichokata alikitupa shimoni ili mgeni asikione. Mzee alisubiri kipande cha mwisho kianguke ndipo akafungua viroba. Vumbi la gari lilikuwa limeshaonekana barabarani.

Mgeni alichota mboji kwa mkono, akainusa, akauliza imechukua muda gani. Miezi minne, Alfredi akajibu, kazi ya wanachuo wenyewe. Rogathe alimtafuta mzee kwa macho akitegemea atafoka. Mzee hakuwa pale. Alikuwa chini shimoni, anakunja senyenge.

Mgeni alipoingia kula, Alfredi alimkimbilia mzee. Mizunguko minne ya senyenge ilikuwa tayari mgongoni kwa punda.

"Hiyo ni ya mradi, mzee. Kesho inarudi mahali pake."

"Uliitupa wapi?"

Alfredi alishika kamba ya punda.

"Jalalani, na wanachuo wako wameona. Cha jalalani nakichukua mimi. Wewe mwenyewe ulikuwa unanibebea debe."

Rogathe aliangua kicheko mlangoni pa jiko. Alfredi aligeuka kumwita mlinzi, akamkuta mgeni dirishani na sahani yake, anauliza yule mwenye punda ni nani.

"Ni mshirika wetu, mheshimiwa. Ndiye anayepokea taka zetu."

Mgeni akatoa kalamu akaandika. Hapo likaisha, kwa sababu Alfredi anakiheshimu kilichoandikwa kuliko kilichopo.

Siku hizi senyenge ile inazuia mbuzi wasiingie kwenye mahindi ya mteremko. Ijumaa iliyofuata mzee alirudi shimoni, hakuna geti, hakuna kufuli. Mkuu wa chuo alikuwa njiani, wanachuo wamemzunguka.

"Shikamoo mzee Bonaventura," alisema kwa sauti, wote wasikie.

Mzee aliinama akachomoa mfuko wa rambo kwenye miiba, akaukunja, akautia kwenye shogi ubavuni mwa punda. Kisha akampiga punda kofi la mgongoni wakapita, na wanachuo wakabaki wanasubiri marahaba mpaka mkia wa punda ukapotea kwenye kona.