Blanketi Ambalo Sikulitoa

Niseme mapema ili tusichoshane: siuzi. Watu wa mtaa wetu wa Umoja wakikuona na kitu ulichotengeneza kwa mkono, swali la kwanza ni "unauza?" na la pili ni "kwani mbona huuzi?" Mimi nauza vyombo vya plastiki kutwa nzima. Ndoo, besheni, majagi, yote yako kwenye kibanda changu, na ukifika pale ukaniuliza bei nitakutajia huku nakutabasamia. Lakini nikifika nyumbani, nikavua viatu na kutoa sindano yangu ya kroshia mfukoni mwa aproni, biashara imefungwa. Kinachotoka kwenye sindano hiyo ni cha kunifurahisha mimi.

Jambo hili wifi yangu Marion hajawahi kulielewa. Marion ni dada ya mume wangu, Kweyu, na ndiye mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu. Hawezi kuona kitu bila kukipangia kazi. Akiingia kwangu, kabla hata hajapewa chai, anainua kitambaa kilichofunika kiti, anakigeuza, anakirudisha.

"Wifi, ungeshona vyeupe ungepata oda za harusi," anasema.

Vyeupe vinanikera. Nyumba zote za mtaa huu zina vitambaa vyeupe juu ya kila kiti, juu ya televisheni, juu ya meza, juu ya redio iliyokufa zamani. Nikikaribishwa humo nahisi nimekuja kliniki kuchanjwa. Mimi nataka rangi, na rangi sizitafuti mbali. Siku moja mama mboga alinikatia avokado nikaona kijani, halafu manjano, halafu ile kahawia ya mbegu, nikasimama pale nikiitazama mpaka akaniuliza kama imeoza. Jioni hiyo nilishona kipande cha rangi hizo tatu. Kingine nilikitoa kwenye mlango wa buchari uliochubuka rangi nyekundu, bluu ya zamani ikachungulia chini yake. Kingine kwenye kamba ya nguo ya jirani yangu Mumina, akiwa ameanika madira yake, yale magauni mapana, siku ya upepo.

Mumina anakaa mlango unaotazamana na wangu, na anauza mitumba huko Mowlem. Sweta zilizotoboka, ambazo hakuna mteja atakayezigusa, ananiwekea kwenye gunia. Sinunui uzi wa dukani. Nafumua sweta.

"Mama Griffins, hizi hata mbuzi hawezi kulalia," huniambia. "Lakini najua nitazipata kwako zimekuwa bibi harusi."

Namna ya kuchagua sweta si siri, na anayetaka achukue. Igeuze ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona imeunganishwa kwa uzi tu, ichukue: utafungua mshono, uanzie shingoni, na sweta nzima itafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Lakini ukiona ukingo umepigwa mashine ya ovaloki, iache, hata kama rangi yake imekukonyeza. Mashine ile hukata kwanza ndipo ishone, na humo ndani hutapata uzi, utapata vipande vifupi vya kukutia hasira. Ukishafumua, fua uzi wako, uanike kwenye kamba na uuning'inizie chupa ya maji chini ili mikunjo inyooke. Na ncha za uzi zifiche palepale unapobadilisha rangi. Ukisema utazificha kesho, hutazificha.

Kweyu ana sweta moja ya kijani, kile kijani kizito cha majani ya chai. Alipewa kiwandani kwao, eneo la Baba Dogo, mwaka ambao timu yao ya mpira ilishinda kombe, na huivaa kila baridi ikija. Nilipoifua mara ya kwanza niligeuza ndani nikatazama mshono. Imeunganishwa kwa uzi. Nimeitamani tangu siku hiyo, natamani kweli, lakini sijawahi kuigusa ila kwa kuifua. Ni yake.

Miaka yote nimekuwa nikishona nikigawa. Kofia za watoto waliozaliwa, vitambaa vya waliooa, shali za waliofiwa. Sikulalamika, nilipenda. Halafu siku moja nilikaa kitandani nikaona tumefunikwa mwaka nenda mwaka rudi na blanketi lenye picha ya chui, zawadi ya Marion, nami sijawahi kumpenda yule chui. Nikasema sasa nashona la kwangu. Nilipima kitanda chetu cha watu wawili nikaanza. Vipande vya mraba, kila kimoja na kitu nilichokiona mtaani, vyote nikaviunganisha kwa uzi wa kijivu cha makaa, na pembeni nikazungushia ukingo wa mawimbi. Ukingo ule ulinitesa. Niliufumua na kuurudia mpaka vidole vikafanya malengelenge.

Lilipokwisha nilijifunika mchana wa Jumamosi, nikalala chali, nikatazama dari. Sikufanya kitu kingine. Nililia kidogo, na ilikuwa furaha tupu.

Wiki hiyohiyo Marion akaja, akaliona, akashika pembe yake.

"Hili ni la mheshimiwa," akasema. Kanisa lilikuwa linapanga harambee ya paa, na mheshimiwa wa eneo letu ndiye aliyealikwa kuwa mgeni. Mgeni haagwi mikono mitupu.

"Hili ni la kitanda changu," nikamjibu.

Akacheka. Nikadhani kicheko kile ni cha mtu aliyesikia.

Wiki ya harambee nilienda Butere kwa matanga ya shangazi yangu. Nilirudi Jumapili asubuhi, nikashuka basi na vumbi la safari, nikapitia moja kwa moja kanisani ili nisikose harambee. Nikakaa nyuma. Mbele kulikuwa na meza ya zawadi: jogoo amefungwa miguu, kabeji, mkungu wa ndizi. Na katikati, likiwa limekunjwa vizuri na kufungwa utepe, blanketi langu.

Niliitambua ile avokado kabla ya kitu kingine chochote. Nilidhani macho yamechoka na safari. Nikamtafuta Kweyu kwenye benchi la kina baba, naye alikuwa ananitazama akitabasamu, ametulia kabisa, kama mtu aliyenifanyia jambo zuri.

Mshereheshaji akashika maikrofoni. "Mgeni wetu, kuna mama mmoja hapa ambaye kwa moyo wake mkunjufu ametoa kazi ya mikono yake. Mama Griffins, njoo mbele umkabidhi mheshimiwa. Kanisa, mpigieni makofi ya kilo."

Kwetu mambo hufanywa hivyo. Hawakuulizi pembeni ambako unaweza kukataa. Wanakutangazia mbele ya watu kwamba umeshatoa, kisha makofi yanakusukuma mpaka mbele, na mtu anajikuta ameshukuru kwa kunyang'anywa. Nimeona kina mama wakiachia kuku na masufuria kwa njia hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga hayo makofi.

Nikaenda mbele. Mheshimiwa akasimama, suti imemkaa vizuri, mikono tayari. Nikalichukua blanketi, nikahisi kitu kinateleza vidoleni. Nikalifungua. Pande zote nne lilikuwa limeshonewa satini ya manjano, pana kama kiganja. Mawimbi yangu hayakuwepo.

Marion alikuwa amesimama kando yangu. "Nimelipendezesha, wifi," akaninong'oneza. "Fundi alisema kingo zilikuwa zimepinda pinda, akazinyoosha."

Nikageuza ndani nje. Ovaloki. Fundi alikuwa ameona mawimbi akadhani ni makosa, akayapitisha kwenye mashine, na mashine ikala mawimbi pamoja na nusu ya kila kipande cha pembeni. Vitanzi vilivyokatwa vilikuwa tayari vinajitoa kwenye satini, kimoja baada ya kingine. Mlango wa buchari ulikuwa umebaki bluu tu.

Hasira iliyonishika sikuwahi kuijua. Ilikuwa hasira baridi, iliyonipa sauti. Nikamwomba mshereheshaji maikrofoni, naye akanipa akidhani nataka kuomba dua.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina," wakaitika.

"Blanketi hili ni langu. Nimelishona nijifunike mimi. Sikulitoa. Nilikuwa matangani, nimefika sasa hivi, na nimelikuta hapa kama mlivyolikuta ninyi."

Jogoo pekee ndiye aliyepapatika. Kweyu alikuwa ameinamisha kichwa.

Mheshimiwa ni mtu wa siasa, hakosi neno. Akacheka, akachukua maikrofoni ya pili. "Mama, hakuna shida. Wewe sema bei yako hapa mbele ya kanisa, nitanunua, na pesa zote ziingie kwa paa. Si ni sawa jameni?"

Makofi yakalipuka tena. Nilisikia kina mama nyuma wakisema sema, Mama Griffins, sema. Ingekuwa rahisi sana kutaja bei. Kila mtu angefurahi, na mimi ningerudi nyumbani kwa yule chui.

"Siuzi, mheshimiwa."

"Mama, ni kwa kazi ya Mungu."

"Mungu ananijua kwa jina, angeniuliza. Paa nitalichangia. Kesho njooni kibandani mchague ndoo za kubebea maji na saruji, nitazitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kutangaziwa. Lakini hili naenda nalo."

Marion akanishika kiwiko. "Wifi, unatuaibisha. Si blanketi tu? Ungekuwa unalishonea yatima tungeelewa."

"Ningesema ni la yatima mngeniachia," nikamwambia, na maikrofoni ilikuwa bado mdomoni, kanisa zima likasikia. "Ningesema ni la marehemu mama yangu mngelia na mimi. Nasema ni langu, basi mnaona ni la kuchukuliwa tu. Wifi, ni langu. Sina sababu nyingine."

Nikamrudishia mshereheshaji maikrofoni yake. Nikalikunja blanketi, nikalikumbatia, nikapita katikati ya viti kuelekea mlangoni. Hakuna aliyenizuia. Wengine walitazama sakafu. Mama mmoja wa kwaya alinyoosha mkono nilipompita, akagusa blanketi kidogo, akaurudisha mkono mapajani. Nyuma yangu mchungaji alikohoa, wakaanza wimbo.

Nyumbani Mumina alinikuta nimekaa sakafuni na mkasi. Nilimweleza yote. Akainua ile satini akaitazama.

"Huyu fundi alikuwa amekosana na nani?" akauliza.

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, naye akaniacha nilie. Halafu akavua viatu, akakaa upande wa pili wa blanketi, akaanza kukata mishono ya satini kutoka upande wake. Vipande vya pembeni havikuwa na dawa. Nilifungua uzi wa kijivu uliokuwa ukivishika, nikaviondoa safu nzima, pande zote nne, nikaweka kando kile ambacho kingeweza kufumuliwa tena. Avokado ilipona kwa sababu ilikuwa katikati. Madira ya Mumina yalipona pia, akajidai nayo.

Alipoondoka nililitandika kitandani. Lilikuwa limepungua sana.

Kweyu alikuja alasiri, akasimama mlangoni mwa chumba. Alitumwa, nilimwona usoni. "Marion anasema Jumapili ijayo uombe msamaha mbele ya kina mama."

"Nitaomba siku atakayoniomba yeye. Nani alimpa blanketi, Baba Griffins?"

Alijikuna shingo. "Ni mimi. Alisema ni heshima kwa nyumba yetu. Nilijua utafurahi."

"Ulijua au hukuuliza?"

Kila Jumapili baada ya chakula yeye hulala kidogo, na baridi ya Julai ilikuwa imeingia mpaka ndani ya kuta. Nilikuwa nimeshajilaza, nimejifunika. Akavua viatu, akaketi upande wake, akavuta pembe ya blanketi. Halikufika. Akavuta tena polepole, likaishia ubavuni mwangu.

"Kwani limekuwa dogo?"

"Lilikuwa la watu wawili. Sasa linatosha mmoja."

Alikaa akilitazama. Nikamwambia, "Naweza kuongeza safu upande wako. Lakini uzi niliobakiwa hautoshi. Ile sweta yako ya kijani ingetosha kabisa. Unanipa niifumue?"

Aligeuka haraka. Mkono wake ulienda wenyewe kuelekea kabatini, kana kwamba nilikuwa nimeshafungua mlango. "Ile ya kombe? Hapana, Mama Griffins. Ile hapana. Ile ni yangu."

"Sawa," nikasema. "Nimeuliza, umekataa. Ukienda kazini ukarudi, utaikuta kabatini."

Kisha akainuka, akafungua sanduku lililo chini ya dirisha, akatoa lile blanketi la chui, akajifunika nalo mpaka kidevuni, akalala akitazama ukuta. Nami nikavuta langu likafika mabegani.