Sisimizi wa Kitanda cha Sita

Sisimizi walifika wodi ya kifua kikuu siku ya Jumatatu, saa moja asubuhi, mfagiaji akiwa amepiga magoti anakwangua madoa chini ya kabati. Hawakuingia. Kibao cha mlangoni kilisema wageni ni saa sita mchana, kwa hiyo walijipanga kizingitini, mstari mmoja, wakangoja. Mlango ulipofunguliwa waliingia pamoja na wake na mama za watu, wakanyoosha moja kwa moja hadi kitanda cha sita.

Hapo alilala fundi mwashi, mdogo wake mfagiaji, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa na kifua kikuu, na virusi pia, na kwa miezi miwili dawa za vyote viwili alikuwa akizimeza mbele ya sista bila kuruka hata siku moja. Wenzake walioanza pamoja naye walishapata nguvu za kulalamikia chakula. Yeye alizidi kukonda. Alikunywa maji jagi kwa jagi, na kopo lake la mkojo halikumaliza saa moja bila kujaa. Sisimizi walilizunguka kopo hilo, wakapanda hadi ukingoni.

"Dada, wageni wangu wamefika," alisema fundi. "Hebu waulize kama wameleta soda."

"Una bahati wewe," alisema mzee wa kitanda cha tano, ambaye wodi nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakuzimika. "Mimi nina watoto saba, sijamwona hata mmoja."

Mfagiaji hakucheka. Mama yao alikufa kwa sukari, na wiki zake za mwisho sisimizi walimfuata hivyo hivyo mpaka msalani. Aliegemeza ufagio ukutani, akaenda kwa sista.

Sista hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake kwa vitanda thelathini, na viatu vyake vilikuwa vimepasuka pembeni. Alifungua faili la fundi, akamwonyesha fomu. Ilikuwa na visanduku viwili tu, makohozi na virusi, na vyote vilishatiwa alama ya vema.

"Sasa hiyo sukari niiandike wapi?" aliuliza. "Na vijiti vya kupimia viko kliniki ya sukari. Sisi huku hatupewi."

Kliniki ya sukari ilikuwa nyuma ya ukuta wa wodi. Ukuta wenyewe aliujenga fundi, miaka minne nyuma, akaupiga lipu safi hata akapongezwa. Ramani haikuwa na mlango, naye hakuuliza kwa nini.

Jumanne sisimizi walikuja mara mbili ya wale wa jana. Jumatano walijaa mpaka sakafu haikuonekana, na saa sita na nusu wakakinyanyua kitanda. Walikibeba vizuri, bila kukiinamisha upande. Walipita nacho jikoni na chumba cha kufulia, wakazunguka jengo zima, mfagiaji akiwafuata nyuma na kandambili za mdogo wake na jagi la maji. Getini mlinzi alitaka kibali cha kutoa kitanda. Kwa vile hakikuwepo, aliandika namba ya kitanda kiganjani, akawapisha.

Kwenye kliniki ya sukari watu walisogeza mabenchi. Sisimizi walishika foleni, wakafika dirishani zamu yao ilipofika.

"Anakohoa?" aliuliza karani.

"Anakohoa. Lakini mpime tu, mama. Tone moja la damu. Nakuomba."

"Wenye kifua hatuwapokei. Amalize kwanza hiyo miezi minne iliyobaki, halafu aje."

"Kule wanasema sukari ni kwenu."

"Na sisi tunasema kifua ni kwao," alisema karani kwa upole, akarudisha kioo nusu kwa ajili ya kikohozi.

Kichupa cha vijiti kilikuwa mezani pake, karibu kabisa. Mfagiaji alikiona. Fundi naye alikiona.

"Turudi, dada," alisema. "Nisije nikakosa vidonge vya jioni."

Sisimizi walimrudisha kwa wakati, naye akavimeza vyote.

Alhamisi alianza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi na mfuko wa saruji begani, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alimwomba dada yake amgeuze upande wa ukuta. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Lipu imekaa vizuri," alisema. "Ningeacha hata katundu, dada."

Mfagiaji alimpangusa jasho.

Alikufa Ijumaa, kabla ya chai. Kwenye cheti waliandika kifua kikuu. Sisimizi walitulia chini ya kitanda mpaka mwili ulipotolewa, kisha wakaondoka kwa mstari. Mfagiaji alikwenda nyuma ya stoo akalia kwa uchungu na kwa hasira, akiupiga ule ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Ulikuwa umejengwa vizuri. Haukutoa hata vumbi.

Jumatatu zilikuja fomu mpya. Ofisi ilikuwa imepata taarifa za wiki iliyopita, ikakaa kikao, ikachapisha fomu kwenye karatasi nzuri, nzito. Mfagiaji alipoziona mezani kwa sista alihesabu visanduku vitatu. Aliweka ndoo chini.

"Hiki cha tatu ni cha nini, sista?"

Sista aliisogeza fomu karibu na macho, akamsomea: "Sisimizi. Wapo, hawapo."

Kitanda cha sita kilikuwa na mgonjwa mwingine, kinyozi, aliyelazwa jana yake na hata begi hajafungua. Chupa tatu za maji kwenye kabati lake zilikuwa tupu. Saa sita mlango ulifunguliwa, wageni wakaingia, na sista akapita kati ya vitanda na kalamu yake.

"Kitanda cha sita?"

Mfagiaji alitazama chini. "Wapo," alisema. "Wengi."

Sista akatia alama ya vema, akageuza ukurasa.

"Samahani, dada," alisema kinyozi, "nitakuchosha bure. Naomba tena maji."

Mfagiaji alichukua jagi, akaenda kulijaza.