Ukingo wa Kushoto

Mshonaji alipompelekea fundi wa video mikanda sita ya filamu aliyoipiga marehemu baba yake, alitaka kitu kimoja tu: aweze kuitazama kwenye simu kabla haijaoza. Ilikuwa imeshaanza kunuka siki.

"Kuna njia mbili, mama," fundi alimwambia huku akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Ya kwanza, naurusha mkanda ukutani kwa projekta, na kamera inarekodi. Leo hii unaondoka nayo. Ya pili, mashine inapiga kila kipicha peke yake. Mkanda mmoja unakula siku nzima, ila hakipotei kitu."

"Ya ukutani yanitosha. Mimi si mtu wa makuu."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akayaona mambo ya utotoni yakipita ukutani: mama anaanika nguo, kaka yake analia juu ya baiskeli. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki ilipokwisha, fundi, aliyebaki na mikanda, akampigia simu. "Niliingiza mkanda mmoja kwenye mashine, nilinganishe tu. Njoo uone mwenyewe." Sauti yake haikuwa na utani wowote.

Kwenye kompyuta palikuwa na picha mbili sambamba. Ua ule ule, mama yule yule na nguo zake. Lakini ya pili ilikuwa pana zaidi.

"Projekta ina kidirisha, na kidirisha hicho kinakata kingo za picha," fundi alieleza. "Mashine haikati."

Kwenye ukingo wa kushoto, karibu na matundu ya mkanda, alisimama msichana wa miaka kama saba, miguu mitupu, gauni jeupe. Alikuwa anaitazama kamera.

"Mtoto wa jirani huyo," mshonaji alisema.

"Nami nilidhani hivyo. Nikaipitisha yote sita."

Kwenye mkanda wa tatu kaka yake alikuwa na sare za shule. Kwenye wa sita alikuwa na masharubu, na mshonaji mwenyewe amempakata mwanawe wa kwanza. Msichana alikuwepo kote, gauni lile lile, kimo kile kile.

Kesho yake alimleta shangazi yake, dada wa baba, ndiye mkubwa pekee aliyebaki katika ukoo. Bibi huyo alisogeza uso karibu na kioo.

"Ni dada yako," alisema. "Homa ilimchukua mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Mama yako alikataza asitajwe. Kamera baba yako aliinunua baadaye."

"Kwa hiyo baba alikuwa anamwona?"

"Sijui, mwanangu. Najua kila akipiga picha alikuwa anaacha nafasi kushoto. Tukimcheka kwamba mkono wake umepinda, anaendelea kupiga tu."

Fundi aliupunguza mwendo mkanda wa sita. Midomo ya msichana ilikuwa inacheza. Filamu haikuwa na sauti, lakini mshonaji aliifuatisha kwa midomo yake mwenyewe, mara moja, mara ya pili. Msichana alikuwa anatamka jina la mshonaji.

"Ananiita mimi, shangazi."

"Au anajitaja." Bibi alimshika mkono. "Jina hilo lilikuwa lake. Wewe ulirithishwa."

Kaka mtu, alipoelezwa, alisema apewe ile ya ukutani, na hiyo nyingine asioneshwe kamwe. Akapewa. Mshonaji alichukua ile pana, yote sita. Aliiweka kwenye simu, na mchana, cherehani ikipumzika, huitazama. Hamwogopi dada yake. Kinachomnyima raha ni kwamba tangu baba yake afariki, hakuna aliyepiga picha na kumwachia yule mtoto mahali pa kusimama.